Msitu, mto na ziwa vikaguliwe pamoja

Hali ya misitu ikitajwa nchini, huja kwa asilimia. Ukaguzi wa kitaifa wa 2021 ulionyesha kwamba miti imefunika asilimia 12.13 ya Kenya, na misitu yenyewe asilimia 8.83. Kwa kuwa Katiba inataka miti ifunike angalau asilimia 10 ya nchi, wakubwa walifurahi. Sisi wa Nakuru tuna sababu ya kuuliza zaidi, kwa sababu takwimu hiyo haimsaidii sana afisa anayetakiwa kuamua msitu upi ulimwe na ukingo upi wa mto uachwe upumzike.

Misonobari iliyopandwa kwa mistari ikingoja msumeno huhesabiwa kuwa miti, sawa na mierezi na mianzi iliyojiotea yenyewe huko kwenye msitu wa Mau. Anayetaka kuona tofauti aingie chini ya misonobari iliyosongamana: majani makavu yanayoteleza, na mimea michache mno.

Kipimo kizuri tunacho tayari, nacho ni Mto Njoro. Unatoka Mau Mashariki, unapita Nessuit na Njoro, kisha unaishia Ziwa Nakuru, ambalo halina mto wa kutoa maji nje. Tope linaloingia linabaki humo. Huku juu msitu uko chini ya Shirika la Misitu (KFS), chini kabisa hifadhi ya wanyama inayozunguka ziwa ni ya Shirika la Wanyamapori (KWS), na katikati kuna mashamba ya watu na mamlaka ya maji. Kila mmoja anakagua kipande chake na kuandika ripoti yake. Mto wenyewe haujui mipaka hiyo. Mvua kubwa ikinyesha Mau, maji hushuka na rangi ya chai ya maziwa. Kiangazi, punda wa mikokoteni ya mitungi huingizwa hadi mtoni, na pale wanapokanyaga kila siku nyasi hazioti tena.

Mwaka 2001 serikali iliondoa zaidi ya hekta 60,000 za Mau kwenye orodha ya misitu iliyohifadhiwa, zaidi ya nusu yake ikiwa Mau Mashariki, kwenye chanzo cha mto huu. Hata hivyo, wanaodai kwamba Ziwa Nakuru lilifurika kwa sababu ya miti iliyokatwa peke yake wanarahisisha mambo. Maziwa ya Baringo na Naivasha nayo yalijaa, na mvua nyingi ina mchango mkubwa. Lakini maji yalipopanda yalifunika lango kuu la hifadhi na kuua migunga, ambayo mingine imesimama mikavu ndani ya ziwa hadi leo. Magadi ya ziwa yalipozimuliwa na maji mengi, mwani unaoliwa na heroe (flamingo) ukapungua, na wengi wa ndege hao wakahamia Ziwa Bogoria. Nyati na vifaru hawana pa kuhamia: mbele maji, nyuma ua. Ua huo uliwekwa kana kwamba ziwa halisogei.

Rais Ruto alipoondoa marufuku ya kukata miti mwaka 2023, mabishano yakawa kati ya wenye viwanda vya mbao na watetezi wa mazingira. Mimi sipingi ukataji wa miti iliyopandwa, wala mkulima kupanda viazi kati ya miche kwa miaka michache. Familia nyingi hula kwa njia hiyo. Ninachopinga ni kufungua mteremko kabla ya kupima tope mtoni wakati wa masika, maji yanayobaki Januari na Februari, na kama miche ya asili inaota bila kupandwa.

Waogiek, jamii ya wenyeji wa msitu wa Mau, nao waulizwe. Mwaka 2017 mahakama ya Afrika kule Arusha iliamua kwamba wao hawawezi kulaumiwa kwa uharibifu wa Mau. Mrina asali wao hutambua mapema mwaka ambao miti imekosa kuchanua, na habari hiyo sijaiona kwenye jedwali lolote.

Mpango ujao wa msitu wa Mau Mashariki uandikwe baada ya vipimo hivyo, mashirika yote yakiwa meza moja, na nakala ya Kiswahili iwekwe kwa chifu Nessuit, mtu yeyote aweze kuiomba na kuisoma.