Uwiano wacheze kwanza, daftari baadaye

Nafundisha hesabu darasa la sita na nasema wazi, uwiano tunaufundisha kinyumenyume. Tunaanza na 2:3 ubaoni, watoto wanakopi, 12:18 wanakurahisishia fasta tu, halafu muulize huyo huyo, juisi ni glasi mbili za ukwaju kwa tatu za maji, ukwaju ukiwa glasi nne maji ngapi? Anakujibu tano. Tano jamani! Kaongeza mbili huku, kaongeza mbili kule. Mwekee alama za kosa mpaka wino uishe, kesho anarudia.

Siku hizi naokota vizibo vya soda. Watoto wako 60, hivyo 24 wanashika vyekundu, 36 vya bluu, tunatoka hadi chini ya mwembe. Naita "mbili kwa tatu!" wanakimbia kujipanga, anayebaki anaimba. Kelele zake sasa, ticha wa jirani keshanijia mara mbili. Vinatoka vikundi 12, habaki mtu. Naita "moja kwa mbili!" wekundu sita wanabaki wameduwaa, "ticha, bluu wameisha!"

Ila utamu wenyewe ni nikirudi kwenye mbili kwa tatu nikasema vikundi viwili viungane. Wanahesabu, wekundu wanne, bluu sita. Haya, ile tano yenu iko wapi? Kuna mmoja mbishi akasema basi tumtoe bluu mmoja, aliyetolewa akagoma kabisa, "mi kwenye kundi langu tulikuwa bluu watatu, sasa naenda wapi?" Miaka yote na chaki yangu sijawahi kueleza vizuri hivyo.

Dogo mmoja baba yake fundi akaropoka, kumbe ndo zege! Moja mbili nne, karai la saruji, mawili mchanga, manne kokoto. Nikamuuliza, tukiongeza karai mojamoja kila upande? Akacheka, "saruji itaisha mapema, bosi atamfukuza baba."

Wenzangu wanasema mchezo unakula muda na silabasi haiishi. Unakula kweli, dakika 40 zote zinaishia mwembeni, lakini mimi vipindi vitatu vilikuwa vinaishia kwenye ile tano.

Sehemu moja vizibo vinanigomea, 2:3 na 3:2 wengine wanaona ni kitu kimoja, maana kikundi ni watu walewale watano. Hapo nikaleta ukwaju wenyewe na jagi mbili. Yule mbishi akang'ang'ania ni sawasawa tu, nikampa ile ya ukwaju tatu maji mbili, bila sukari. Alivyokunja uso, darasa zima likaangua kicheko, akaomba maji.

"Glasi ngapi?" nikamuuliza.