Zabibu za mwezi wa siku 31

Juzi jioni tumekaa kibarazani Chang'ombe na mtoto wa dada yangu, yuko form two, tunakula zabibu tulizonunua barabarani tukitoka Hombolo, akaniambia anko, namba tasa sisi tunakariri zile za mpaka 100 tu, huko mbele zina nini? Nikachukua punje moja nikaiweka kwenye sinia. Hii ya tarehe 1 Januari. Tarehe 2 weka mbili, tarehe 3 nne, kila siku mara mbili ya jana, je mpaka tarehe 31 sinia lina ngapi? Akasema kama elfu kumi hivi.

Siku ya sita tu tukawa na punje 63 na kishada kimeisha, ikabidi kalkuleta. Jumla ya mwezi mzima ni 2,147,483,647.

Sasa utamu ndo uko hapa, namba hiyo ni tasa. Yaani zabibu zote hizo huwezi kuzigawa sawasawa kwa watu wawili, wala saba, wala Dodoma nzima, aidha mtu mmoja abebe zote au kila punje iwe na mtu wake. Na ukiishia tarehe 30 mambo yanaharibika, inagawanyika kwa 3. Chukua Februari ya siku 29, 29 yenyewe ni tasa lakini jumla yake, 536,870,911, ni 233 × 1,103 × 2,089. Kwa hiyo Januari haikupewa bure, ilibidi mtu aipime.

Aliyeipima ni Leonhard Euler, mwanahisabati wa Uswisi, mwaka 1772, yuko St. Petersburg na macho yameshaisha karibu kabisa. Kipeuo cha pili cha hiyo namba ni 46,340 na kidogo, hivo unatakiwa ujaribu vigawo mpaka hapo (kigawo kikizidi hapo, mwenzake lazima awe chini ya hapo), kazi ya kukata tamaa, ila yeye alijua kigawo chochote tasa cha namba hii lazima ukikigawa kwa 62 kibaki 1, tena ukikigawa kwa 8 kibaki 1 au 7, na ukishaweka masharti hayo mawili majaribio hayafiki hata 400. Mimi hapo huwa nasisimka kila nikikumbuka, kwa sababu hakuna mashine hapo, ni kufikiri kabla ya kuhesabu.

Ndo maana inaniuma watu wa kompyuta wengi wanaijua kama ukuta tu, kwamba kompyuta ikihifadhi namba kwa biti 32, yaani nafasi 32 za 0 au 1, ukitoa moja ya alama ya chanya au hasi zinabaki 31, na namba kubwa kabisa inayoingia ni hii yetu, hesabu inaishia hapo, na kwamba mifumo ya zamani inayohesabu sekunde tangu 1970 itagonga huo ukuta tarehe 19 Januari 2038, kwa saa zetu ni saa 12 na dakika 14 na sekunde 7 asubuhi. Ni kweli na ni muhimu, lakini mtoto ukimpa hiyo peke yake umemnyima zabibu, na ukimpa orodha ya mpaka 100 akariri umemnyima kabisa. Mpe namba kubwa aishike, ahangaike nayo.

Dogo asubuhi kaja na karatasi, kagawa kwa mkono, kaanza na 311 maana ndo tasa ya kwanza inayokubali masharti yote mawili. Imebaki 35. Sahivi yuko kwenye 1,303.