Kijito Kipimwe, Mkulima Alipwe

Mipango mingi ya kuwalipa wakulima wa milimani ili watunze vyanzo vya maji hulipia yale yanayoonekana: hekta zilizoachiwa miti, matuta, ng'ombe waliozuiwa kufika mtoni. Maji yenyewe hayapimwi. Utaratibu huo una utetezi wake. Mkulima anatawala shamba lake, hatawali mvua, na kumkata malipo kwa sababu mto umechafuka mwaka wa mvua nyingi ni kumwonea. Tena vifaa ni ghali.

Sawa. Lakini upimaji unasingiziwa: haukuwekwa ili kumkagua mkulima, umewekwa ili mlipaji ajue kama fedha zake zimefika panapostahili. Huko Bolivia, katika bonde la Río Grande, jamii 129 ziligawanywa kwa kura, baadhi zikaingizwa kwenye mpango na nyingine zikasubiri. Waliojiunga walipewa vitu kama mizinga ya nyuki na miche ya matunda. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2018 haukukuta maji safi zaidi kwa walioingizwa. Ulikuta, hata hivyo, kwamba penye kinyesi cha ng'ombe majini hali ilikuwa mbaya zaidi. Maana yake ng'ombe ni tatizo kweli, ila si kila hekta inayolipiwa iko upande wa juu wa mahali maji yanapotekwa. Ramani ya hekta isingelisema hilo hata siku moja.

Afrika Kusini walijifunza jambo zito zaidi. Vijito vya Jonkershoek vilianza kupimwa miaka ya 1930, kijito chenye misonobari kikilinganishwa na jirani yake kisichopandwa. Misonobari ilipokua, maji yalipungua, na mwaka 1972 serikali ikaanza kudai kibali kabla ya kupanda misitu ya biashara. Fikiria mfuko wa fedha za kutunza maji unaolipa kwa kila mti bila kujua hayo!

Bado kuna kupima kusikofaa kitu. Kijito cha mlimani hupitisha sehemu kubwa ya tope la mwaka katika siku chache za mvua kubwa, pengine saa chache za usiku. Anayechota chupa yake kila Jumatatu asubuhi atarudi na maji meupe mwaka mzima na kuandika kwamba mambo ni shwari, ilhali bwawa huko chini linajaa udongo. Afadhali mwanakijiji mmoja aishiye karibu, mwenye ubao uliochorwa sentimita na chupa za akiba, anayelipwa kuamka maji yanapopanda. Naye aanze kabla ya malipo ya kwanza kutoka, vinginevyo hakutakuwa na cha kulinganishia.

Gharama zisitoke kwenye fungu la wakulima. Azibebe mlipaji, yaani shirika la maji, ambalo tayari hupima tope kila siku kwenye mtambo wake wa kusafishia. Lianze kwa kutoa kumbukumbu hizo za miaka iliyopita.