Bomba la Maji ya Kunywa Si la Kuoshea Mpira wa Choo

Mimi na mume wangu tulitoka Minneapolis na gari letu jipya lenye vitanda, jiko na choo ndani, tukafuata barabara kuu ya I-90 kuvuka jimbo la South Dakota, Marekani, kuelekea hifadhi ya Yellowstone, na katika safari hiyo yote hakuna kilichoniudhi kama watu wanaosuuza mpira wa choo, yaani bomba laini la kumwagia kinyesi kutoka tangi la gari, kwenye bomba la maji ya kunywa.

Vituo vya kumwagia maji machafu huwa na bomba la kuoshea mipira, lenye kibao kinachoonya kwamba maji yake hayanyweki, na jingine, lililowekwa kando, la kujazia matangi ya maji safi. Karibu na hifadhi ya Badlands, humo South Dakota, nilimwona bwana mmoja, mtu mzima kabisa, akiingiza mdomo wa bomba hilo la maji safi ndani ya mpira uliotoka kumwaga kinyesi, kisha akaondoka bila hata kulifuta, ilhali nyuma yake alisubiri mama mwenye watoto na chupa tupu mikononi.

Huo ni ustaarabu gani? Ukimwaga tangi la choo kwanza, halafu ukafungulia maji ya sabuni ya jikoni na bafuni yapite kwenye mpira huohuo, mpira husuuzika kwa sehemu kubwa, na uchafu unaobaki humalizwa kwa dakika chache kwenye bomba lake halali. Sasa mume wangu hulisugua kila bomba kwa dawa ya klorini kabla ya kuchota, kazi ambayo hakuna msafiri aliyestahili kuachiwa.