Kuachia msimbo peke yake hakutoshi

Mwandishi wa makala yenu anasema kampuni ikishaweka hadharani msimbo wa programu yake imemaliza wajibu. Hapo sikubaliani naye. Mwaka 2003 Apple ilitoa kivinjari chake Safari, kilichojengwa juu ya KHTML, injini (sehemu inayochora kurasa za wavuti) ya kivinjari Konqueror cha KDE, mradi wa programu huria. LGPL, leseni ya programu huria iliyoilinda KHTML, iliidai Apple iachie mabadiliko yake, na kweli iliyaachia. Lakini kwa namna gani? Furushi kubwa, kazi ya muda mrefu imerundikwa pamoja, bila historia kamili ya kila badiliko, na sehemu nyingine zikitegemea mifumo ya Mac ambayo KDE hawakuwa nayo. Mtu wa kujitolea akae achambue mstari upi unatibu hitilafu ipi, huku watumiaji wakimuuliza mbona Konqueror imeachwa nyuma! Watu wa KDE walilalamika, tena kwa haki kabisa. Juni 2005 Apple ikafungua hazina ya msimbo wa WebKit, injini yake iliyotokana na KHTML, pamoja na mfumo wa kuripoti hitilafu, watu wa nje wakaweza kufuatilia kila badiliko linapoingia. WebCore, sehemu ya WebKit iliyotokana na KHTML, ilibaki chini ya LGPL ileile. Naomba makala ijayo iulize: historia ya msimbo iko wapi, na nani anajibu ripoti za watu wa nje?