Storeji moja, majina mawili

Storeji ya pamoja ikikosekana kwenye seva moja kati ya tatu, mafundi wengi tunakimbilia kuiwasha upya seva hiyo. Naomba tuiache tabia hii. Mara nyingi seva isiyoona storeji ni nzima kabisa, ila imepewa maelezo tofauti na wenzake. Izime mara kumi, itawaka na maelezo yaleyale.

Nililiona hili kwenye klasta (kundi la seva zinazofanya kazi pamoja) ya seva tatu za ESXi, mfumo wa VMware wa kuendesha mashine pepe, yaani kompyuta za programu ndani ya seva. Zote zilitumia storeji moja ya NFS, njia ya kushiriki folda kupitia mtandao. Mbili zilikuwepo tangu mwanzo. Ya tatu ilisimikwa baadaye na fundi mwingine, ndipo ikaingizwa kwenye vCenter, programu ya kusimamia seva zote za ESXi. Tukaanza kuona storeji mbili: "kuu" na "kuu (1)". Ukizifungua, mafaili ni yaleyale na nafasi iliyobaki inalingana mpaka tarakimu ya mwisho. Ila ukijaribu kuhamishia mashine pepe kwenye seva ya tatu huku inafanya kazi, inagoma.

Niliingia seva moja baada ya nyingine, nikaandika amri ya kuorodhesha storeji za NFS, esxcli storage nfs list, kisha nikayapanga majibu matatu juu na chini. Mbili za kwanza ziliunganishwa kwa anwani ya IP ya storeji. Ya tatu iliunganishwa kwa jina lake la DNS. Basi. Diski zilezile, swichi ileile, lakini ESXi huitambua storeji ya NFS kwa jinsi anwani na njia ya folda zilivyoandikwa. Hata mkwaju (/) mmoja uliozidi mwishoni mwa njia huweza kuifanya ionekane storeji nyingine.

Wapo watakaosema ni tatizo la majina tu, kazi inaendelea. Hapo ndipo nisipokubaliana nao. Seva ikifa, HA (huduma ya klasta ya kuokoa mashine) huziwasha mashine zake kwenye seva inayoiona storeji yenye mashine hizo. Kwa wiki kadhaa tuliamini tuna seva tatu za kupokezana, kumbe ni mbili. Hakuna taa nyekundu iliyotuambia.

Kwa hiyo mimi huanza na seva inayoona, siyo ile iliyopofuka. Nakopi kila kitu chake, halafu natafuta kinachotofautiana. Kama maandishi yanafanana, naenda upande wa storeji kuangalia kama IP ya seva mpya imo kwenye orodha ya wanaoruhusiwa. Kwa iSCSI, njia ya kuipa seva diski kupitia mtandao, naangalia kama IQN yake (jina lake la utambulisho) imesajiliwa na LUN (kipande cha diski ilichogawiwa) imefunguliwa kwake. Nikiridhika hapo ndipo nashuka kwenye mtandao. Kama tumeweka MTU (ukubwa wa juu wa paketi, kwa baiti) 9000, ping ya kawaida haitoshi, kwa sababu paketi ndogo hupita hata pale ambapo poti moja ya swichi imesahaulika kwenye 1500. Tumia ping ya ESXi yenyewe: vmkping -d -s 8972. Hiyo 8972 ni 9000 ukitoa baiti 28 za vichwa vya IP na ICMP, na -d huzuia paketi isikatwekatwe njiani.

Wanaotumia Proxmox, mfumo mwingine wa mashine pepe, nao wana mtego wao: lile tiki la "shared". Kuliweka kwenye folda ya diski ya ndani hakupeleki faili hata moja kwenye seva nyingine. Unaiambia klasta tu kwamba yaliyomo ni mamoja kila mahali, nayo inakuamini.

Na tafadhali, usiiunganishe folda hiyohiyo kwa NFS 3 kwenye seva moja na NFS 4.1 kwenye nyingine eti ili "ionekane kwanza". Matoleo haya hufunga mafaili, ili seva mbili zisiandike kwa pamoja, kwa njia tofauti. Seva mbili zikiandika kwenye diski moja ya mashine pepe, data inaharibika, na uharibifu huo unaweza kugundulika siku nyingi baadaye.

Sisi tulizima mashine zilizokuwa kwenye "kuu (1)", tukaziondoa kwenye orodha ya vCenter bila kufuta mafaili, tukaichomoa storeji hiyo kwenye seva ya tatu na kuiunganisha upya kwa IP, herufi kwa herufi kama wenzake. Kisha tukazisajili tena. Jioni hiyo tulihamisha mashine ya majaribio ikiwa inawaka, kutoka ya kwanza mpaka ya tatu na kurudi, na ping yake haikukatika.