Utando wa bakteria kwenye baridi: ni ulegevu tu?

Bakteria akikutwa na baridi hufanya nini? Jibu la vitabuni ni fupi: hulegeza utando wake. Utando wa seli ni tabaka mbili za mafuta, na mafuta yakipoa huganda. Kwa hiyo seli huongeza asidi za mafuta zenye bondi maradufu (kifungo cha mara mbili kati ya kaboni na kaboni), ambazo mikia yake imepinda na hivyo haibanani. Mwaka 1974 mtafiti Sinensky alipima bakteria Escherichia coli (E. coli) waliokuzwa katika halijoto mbalimbali, kila kundi katika halijoto lililokuzwa, akakuta ulegevu wa utando wao haubadiliki sana.

Maelezo haya yana mashiko, kwani hata vyombo vya kazi vinajulikana. Ndani ya E. coli, FabF, kimeng'enya kinachosaidia kutengeneza asidi hizo za mafuta, huchangamka chenyewe baridi inapoingia, bila kungoja jeni yoyote iwashwe. Bakteria mwingine, Bacillus subtilis, naye ana DesK, protini iliyojichomeka kwenye utando, ambayo baridi ikija huamuru kitengenezwe kimeng'enya cha kutia bondi maradufu. Mnyime kimeng'enya hicho, lakini mpe asidi amino iitwayo isoleusini: atatengeneza mafuta yenye mikia ya matawi, ambayo nayo haibanani, na baridi ataimudu. Njia mbili, lengo moja.

Mgogoro unaanzia kwa Shewanella livingstonensis Ac10, bakteria wa bahari ya Antaktika. Wale waliofutiwa uwezo wa kutengeneza EPA, asidi ya mafuta yenye bondi maradufu tano, hukua vizuri tu kwenye nyuzi 18 za Selsiasi. Kwenye nyuzi 4 wanazorota na kurefuka kama uzi, maana kugawanyika kunawashinda. Ajabu ni kwamba mafuta ya utando wao yalipopimwa, yalikuwa yakisogea kwa kasi ileile ya wenzao wenye EPA! Kama tatizo lingekuwa ulegevu, lingeonekana hapo.

Mimi sioni kwamba hoja ya ulegevu imeanguka. Imepimwa kwa wastani, na wastani huficha mengi. Majaribio yaliyochapishwa mwaka 2022 kwa E. coli na B. subtilis yalionyesha kuwa ulegevu ukishuka mno, utando hugawanyika mabaka, mengine magumu na mengine laini, na protini husukumwa upande mmoja. Seli inaweza kuumia kwenye baka moja huku kipimo cha jumla kikisema mambo ni shwari.

Hata DesK, shahidi mkuu wa upande wa kwanza, hapimi ulegevu moja kwa moja. Anachohisi zaidi ni unene wa utando, ambao huongezeka mafuta yanapojipanga kwa baridi.